Jua la Mirihi Litawatosha Watakaohamia Huko?

"Mtaalamu, salaam. Mimi ni fundi wa umeme wa jua hapa Dodoma, na nina binti wa kidato cha tatu ambaye habanduki kwenye habari za sayari ya Mirihi. Kitabu chake kinasema Mirihi hupata chini ya nusu ya mwanga wa jua tunaoupata sisi, naye anaamini kwamba watakaohamia huko wataishi katika giza la magharibi siku zote. Rafiki yake anabisha kuwa huko hakuna hewa ya kulizuia jua, kwa hiyo litawaunguza wote na kuwapa saratani. Mimi nimebaki njia panda: jua likiwa dhaifu linaunguzaje? Je, paneli kama hizi ninazofunga zitafaa kitu huko? Mazao yataota? Binti ameongeza jingine: sisi wenye ngozi nyeusi, ambao tunaambiwa tunahitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D, tutakuwa na hasara kuliko wengine, na je, watoto watakaozaliwa huko watabadilika rangi? Tena siku hizi ameanza kulitazama jua kupitia filamu ya eksirei ya bibi yake, ili akadirie jinsi lingeonekana kutoka Mirihi. Naomba unieleze kwa kina."

Ndugu yangu, nitaanza na hilo la filamu ya eksirei kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri. Filamu hiyo si kinga ya macho. Weusi wake hupunguza mwanga unaoonekana, kwa hiyo mtazamaji hapepesi wala hasikii karaha, lakini miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni, hupenya kwa wingi na kuifikia retina, ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, huku mboni nayo ikiwa imetanuka kana kwamba ni jioni. Retina haina neva za maumivu. Mtu huungua bila kuhisi, na dalili hujitokeza saa kadhaa baadaye: doa au ukungu katikati ya kile anachokitazama, mistari iliyonyooka kuonekana imepinda, rangi kufifia. Kama binti yako ameona lolote kati ya hayo, hata kwa jicho moja tu, mpeleke kliniki ya macho mapema, mweleze daktari kwamba alilitazama jua na kwa muda gani, wala msijaribu dawa za matone kwa kubahatisha. Kioo cha kuchomelea cha namba 10 au 11, ambacho mafundi wengi wanacho karakana, nacho hakitoshi; kinachokubalika kwa kulitazama jua ni cha namba 14, au miwani maalumu ya kutazamia kupatwa kwa jua isiyo na mikwaruzo.

Anachokitafuta anaweza kukipata kwa njia salama na sahihi zaidi. Atoboe tundu dogo kwa sindano kwenye kipande cha kadibodi, alipe jua mgongo, kisha aache mwanga upite tunduni na kuangukia karatasi nyeupe iliyo kivulini, umbali wa mita moja kamili. Kiduara kitakachotokea kwenye karatasi ni taswira ya jua lenyewe, wala si umbo la tundu, na akikipima kwa rula atapata milimita 9 hivi. Akichore kwa penseli, halafu ndani yake achore kingine cha milimita 6. Hicho cha pili ndicho ambacho mtu aliyeko Mirihi angekipata kwa tundu lilelile na karatasi ileile.

Viduara hivyo viwili vimebeba jibu la sehemu kubwa ya swali lako. Uso wa jua hung'aa kwa kiwango kilekile, uwe unautazama kutoka Dunia au kutoka Mirihi. Kinachopungua kwa sababu ya umbali ni ukubwa wa duara linaloonekana angani. Ukigawanya eneo la kiduara kidogo kwa eneo la kile kikubwa unapata asilimia 44, na vipimo makini zaidi vinatoa 43. Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye jua, Mirihi iko wastani wa kilomita milioni 228. Juu ya angahewa yetu, kila mita ya mraba inayolielekea jua hupokea wati 1,361, na juu ya angahewa ya Mirihi hupokea wastani wa wati 590. Nasema wastani kwa sababu njia ya Mirihi kulizunguka jua ni duaradufu iliyobonyea zaidi kuliko yetu: sayari ikiwa karibu kabisa na jua hupokea wati 715 hivi, ikiwa mbali kabisa hupokea kama 490, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko yoyote tunayoipata sisi kati ya Januari na Julai. Kwa mhamiaji, hii maana yake ni kwamba hata mahali palepale pa ikweta kutakuwa na miezi ya neema ya nishati na miezi ya kubana matumizi.

Kitabu cha binti yako, basi, kimesema kweli. Kosa liko katika hatua aliyoiruka yeye mwenyewe, pale alipodhani kwamba chini ya nusu ya mwanga ni nusu giza. Jicho halipimi mwanga kama mita yako inavyopima ampea. Jua kali la mchana hapa kwetu lina luksi (kizio cha kupimia mwangaza) zipatazo 100,000, na ofisi yenye taa nzuri ina luksi 500 hivi, yaani tofauti ya mara mia mbili, nasi hutoka ofisini kwenda uani tukakunja uso kwa sekunde chache tu kisha tukaendelea na mazungumzo. Mchana wa Mirihi ambao hauna vumbi la kupita kiasi una makumi ya maelfu ya luksi. Mtu akisimama pale ataona vivuli vyenye kingo kali, atasoma, atafunga nati, na huenda akatamani kivuli kwenye kioo cha kofia yake. Kitakachomshangaza zaidi ni rangi ya anga: mchana ni ya kahawia-manjano kwa sababu ya vumbi lenye kutu ya chuma, na jua linapozama eneo linalolizunguka huwa la samawati, kinyume cha kwetu. Chombo cha Curiosity kilipiga picha za machweo ya namna hiyo ndani ya kreta ya Gale mnamo Aprili 2015.

Sasa nije kwenye kazi yako. Wewe unajua kwamba wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa kwa mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba na joto la nyuzi 25, kwa kuwa angahewa yetu hula sehemu ya zile 1,361 kabla hazijafika chini. Ulinganisho wa haki, kwa hiyo, ni kati ya 1,000 zinazofika kwenye paa lako na zile zinazofika ardhini Mirihi, ambako hewa ni nyepesi mno lakini vumbi halikosekani. Mchana mzuri karibu na ikweta ya Mirihi, zinazofika ni karibu nusu ya zako. Jambo hili mnaweza kulipima wenyewe. Chukua paneli moja, ielekeze juani moja kwa moja saa sita mchana siku isiyo na mawingu, upime ampea za shoti, yaani zinazopita nyaya mbili za paneli zikiunganishwa moja kwa moja. Halafu iinamishe nyuzi 60 kutoka pale ilipokuwa, upime tena. Ampea zitashuka hadi karibu nusu, au zaidi kidogo kwa sababu ya mwanga unaotawanyika angani na kuakisiwa na ardhi, na hicho ndicho chakula ambacho paneli ya Mirihi ingekula siku njema. Baridi ya huko inarudisha sehemu ya hasara: unafahamu kwamba paneli ikipata joto volti hushuka, na kwamba kila nyuzi moja ya joto hupunguza nguvu kwa asilimia 0.3 hadi 0.4. Paneli iliyo kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri hupata nyongeza ya asilimia 20 na ushee kwa kigezo hichohicho. Ndiyo, paneli zinafaa, na zimekwisha kufanya kazi huko miaka mingi.

Adui wa paneli huko ni vumbi, tena kwa njia mbili tofauti ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni utando unaotanda juu ya paneli siku baada ya siku. Kigari cha kwanza kutembea Mirihi, Sojourner, mwaka 1997 kilipoteza karibu asilimia 0.28 ya uwezo wa paneli kila siku kwa sababu hiyo. Chombo cha InSight kilipotua Novemba 2018 kilikuwa kinazalisha kama watisaa 5,000 (watisaa moja ni wati moja ikitumika saa nzima) kwa siku ya Mirihi. Kufikia Mei 2022 zilikuwa zimebaki kama 500, na kabla mwaka haujaisha kikazimika, na zaidi ya tabaka la vumbi paneli hazikuwa na shida. Chembe za vumbi hilo ni laini kuliko unga na zina chaji ya umeme tuli, kwa hiyo huganda. Mara nyingine kimbunga kidogo hupita na kupangusa, kama ilivyotokea kwa kigari cha Spirit, lakini huwezi kupanga maisha ya watu kwa kutegemea bahati hiyo. Hapa wahamiaji wana nafuu ambayo mashine hazikuwa nayo, kwa sababu watakuwa na mikono na brashi, na fundi anayepanda juu kupangusa paneli atakuwa mtu wa lazima kama daktari.

Njia ya pili haipanguswi. Ni dhoruba inayojaza vumbi angani, na kila baada ya miaka kadhaa moja huvimba hadi kuifunika sayari nzima, kama zilivyofanya za 1971, 2001, 2007 na 2018. Ile ya 2018 ndiyo iliyokimaliza kigari cha Opportunity, kilichokuwa kimetua Januari 2004. Mwanzoni mwa Juni kilikuwa kinapata watisaa 645 kwa siku. Tarehe 10 Juni zilikuwa 22. Jua lilikuwa limefutika angani. Dhoruba kama hiyo hudumu wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na hakuna benki ya betri ya kawaida ya kuwavusha watu muda huo wote wakiwa na mashine za kutengeneza hewa, kupasha joto na kusafisha maji. Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema kwamba makazi ya Mirihi yataendeshwa kwa sola peke yake. Vigari vya Curiosity na Perseverance vinatumia joto la plutoni kuzalisha umeme wa wati mia moja na kidogo. Kwa watu, shirika la anga la Marekani, NASA, lilijaribu kinu kidogo cha nyuklia jangwani Nevada mwaka 2017 na 2018, na wabunifu wake walikadiria kwamba vinu vinne vya kilowati 10 kila kimoja vingetosha kuanzishia kituo. Paneli zitakuwepo, nyingi sana, ila pembeni yake patahitajika kitu kisichoomba ruhusa ya anga.

Nimefika kwenye ubishi wa binti yako na rafiki yake, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu kosa lililomo ni la watu wengi, hata waandishi wa habari. Tunatumia maneno "mionzi ya jua" kwa vitu vitatu tofauti, halafu tunashangaa inakuwaje jua liwe dhaifu na kali kwa wakati mmoja. Kuna mwanga unaoonekana na joto lake, ambao nimeuzungumzia hadi sasa. Kuna miale ya urujuanimno, ambayo ni mwanga vilevile ila wenye mawimbi mafupi yasiyoonekana, nayo ndiyo inayobabua ngozi. Na kuna chembe, vipande vya atomi vinavyoruka kwa kasi kubwa mno, ambavyo si mwanga kabisa. Kila kimoja huzuiwa na kitu tofauti, kwa hiyo huwezi kukadiria kimoja kwa kukitazama kingine.

Urujuanimno kwanza. Duniani, tabaka la ozoni hukata miale yote mifupi zaidi, ile inayoitwa C, na sehemu kubwa ya B, na kutuachia A na mabaki ya B. Mirihi ina ozoni kidogo sana. Hewa yake ya ukaa hukata tu mawimbi mafupi kuliko nanomita 200 hivi, kwa hiyo kati ya 200 na 280, eneo ambalo sisi hatulioni kamwe ardhini na ambalo huku hutumiwa kwenye taa za kuulia vijidudu hospitalini, miale hufika chini moja kwa moja. Jumla ya nguvu ya jua ni ndogo, ila sehemu inayovunja vinasaba imeachwa wazi. Ndipo rafiki wa binti yako alipopata kipande chake cha ukweli: bakteria wengi wakiachwa wazi juu ya udongo wa Mirihi mchana hufa kwa dakika au saa chache. Lakini amesahau kwamba hakuna mtu atakayeota jua huko. Mgandamizo wa hewa ni chini ya asilimia moja ya wetu; mtu akivua vazi atapoteza fahamu kwa sekunde chache kwa kukosa oksijeni, huku unyevu ulio kwenye ulimi na macho yake ukichemka, zamani kabla ngozi haijapata nafasi ya kubabuka. Na vazi lenyewe, kioo cha dirisha, hata plastiki ngumu ya polikaboneti inayotengenezewa vioo vya kofia za wanaanga, vyote huizuia miale hiyo bila shida. Shida inayobaki ni ya vifaa: plastiki, mpira na vitambaa huchakaa na kukatika vikipigwa na urujuanimno mwaka baada ya mwaka, na ndiyo sababu Perseverance, iliyotua Februari 2021, ilibeba vipande vya vitambaa vya mavazi ya angani na kipande cha polikaboneti ili wanasayansi wafuatilie vinavyozeeka.

Chembe ndizo zinazoninyima raha mimi. Nyingi zinatoka mbali nje ya familia ya jua letu, kwenye mabaki ya nyota zilizolipuka, na huitwa miale ya kosmiki. Nyingine hurushwa na jua lenyewe linapolipuka kwa ghafla. Dunia hutukinga kwa sumaku yake na kwa hewa nzito: juu ya kila sentimita ya mraba ya kichwa chako kuna kama kilo moja ya hewa. Mirihi haina sumaku ya sayari nzima, na juu ya sentimita hiyohiyo kuna gramu kama 20 tu. Kipimo kilichowekwa ndani ya Curiosity kilionyesha kuwa mtu aliyeko juu ya ardhi ya Mirihi angepata wastani wa milisivati (kizio cha kupimia mionzi inayoupata mwili) 0.67 kwa siku, yaani kwa siku nne hivi angejaza kiasi ambacho sisi hupata kwa mwaka mzima kutokana na mionzi ya asili. Njiani, ndani ya chombo, kilipima karibu 1.8 kwa siku. Ukijumlisha kwenda, kukaa mwaka mmoja na nusu na kurudi, unakaribia milisivati 1,000, wakati kikomo ambacho NASA imewawekea wanaanga wake kwa maisha yao yote ya kazi ni 600. Kiasi hicho hakimuui mtu wala kumfanya augue papo hapo. Kinaongeza uwezekano wa kupata saratani miaka ya baadaye, na hilo si dogo la kumwekea mtu anayekwenda kuishi moja kwa moja.

Angalia kwamba kulificha jua hakusaidii kitu hapa. Usiku wa manane miale ya kosmiki inanyesha kama mchana. Kuna jambo hata la kushangaza zaidi: jua linapochangamka, usumaku unaosafiri pamoja na upepo wake huisukuma nje sehemu ya miale hiyo, kwa hiyo kwa upande huu jua ni mlinzi wa wahamiaji, isipokuwa siku zile linapolipuka. Tarehe 20 Mei 2024 mlipuko mmoja ulituma chembe nyingi kiasi kwamba mtu aliyesimama karibu na Curiosity angepata kipimo sawa na picha 30 za eksirei ya kifua kwa mkupuo. Kinachosaidia ni unene: maji, plastiki yenye hidrojeni nyingi, na zaidi ya yote udongo wenyewe wa Mirihi, mita mbili au tatu juu ya dari. Bati jembamba la chuma linaweza hata kuongeza tatizo, kwa kuwa chembe moja ikiligonga huzaa nyingine nyingi.

Hapo sasa ndipo picha ya binti yako inapogeuka. Wahamiaji hawatakosa jua kwa sababu jua ni dhaifu. Watalikosa kwa sababu watalala, watakula na kufanya kazi nyingi chini ya udongo, na mwanga utabidi uletwe ndani. Yale mabanda makubwa ya kioo yanayochorwa kwenye matangazo, watu wakitembea chini yake kati ya miti, siyaamini. Kioo hakizuii chembe kwa kiasi cha maana. Tena ukijaza ndani hewa yenye nusu tu ya mgandamizo wa Dar es Salaam, kila mita ya mraba ya banda hilo itasukumwa kwenda nje kwa nguvu sawa na uzito wa tani 5, na usiku nje ni nyuzi 80 chini ya sifuri.

Mazao nayo yanaingia katika hesabu hiyohiyo. Kwa upande wa mwanga pekee, jua la Mirihi linatosha mimea mingi. Maharage, viazi, mpunga na mboga za saladi hufikia kikomo cha matumizi yao jani linapopata nusu ya jua letu la mchana au chini ya hapo. Ziada haiongezi usanisinuru. Mahindi, mtama, muwa na mchicha wetu wa bustanini ni wa kundi jingine linalonufaika na jua kali, na faida yao hupungua mwanga unapopungua na hewa ya ukaa inapokuwa nyingi, kama itakavyoweza kuwa ndani ya kitalu cha Mirihi. Ningeulizwa nibebe mbegu gani, ningeanza na viazi na maharage kabla ya mahindi, ingawa najua ugali utakumbukwa. Udongo wenyewe una chumvi za pakloreti, zilizogunduliwa na chombo cha Phoenix mwaka 2008, ambazo ni sumu kwa tezi la shingo, kwa hiyo utalazimika kusafishwa au mimea ioteshwe kwenye maji yenye virutubisho.

Swali gumu ni jinsi ya kuufikisha mwanga kwenye jani. Ukipitisha jua kwenye paneli ya kawaida unapata umeme sawa na asilimia 20 hivi, na taa za LED hugeuza kama nusu ya umeme huo kuwa mwanga; kinachofika ni sehemu moja kati ya kumi ya jua ulilolikamata. Inauma kuisoma hesabu hiyo. Lakini taa zinaweza kutoa rangi zile tu ambazo mmea unazitumia, nyekundu na buluu zaidi, na ziwake saa nyingi kuliko mchana, na ndivyo wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga walivyokuza saladi waliyoila Agosti 2015. Wapo wanaopendekeza vioo vya kukusanya jua juu ya ardhi na nyuzi za kioo za kuupeleka mwanga chini, njia yenye hasara ndogo, ila nayo inazimwa na vumbi lilelile. Mimi naona mchanganyiko: vitalu vidogo vya juu vyenye kuta nene na madirisha machache kwa siku njema, na taa chini kwa chakula kisichoweza kusubiri anga litakate.

Kuna jambo moja hukuliuliza, nami siwezi kuliacha, maana huenda likawagusa wahamiaji kuliko mavuno. Mwili wetu una saa ya ndani inayorekebishwa kila siku na mwanga, hasa wa buluu, unaopokelewa na seli maalumu za jicho. Kwa wastani saa hiyo hujizungusha kwa saa 24 na dakika kama 11. Siku ya Mirihi ni saa 24 na dakika 39 na ushee. Tofauti inaonekana ndogo, lakini bila mwanga wenye nguvu mwili hauwezi kuifuata, na vumbi la Mirihi hunyonya buluu hiyohiyo tunayoihitaji. Katika jaribio la Mars500 mjini Moscow, wanaume sita walifungiwa siku 520 kati ya 2010 na 2011 ndani ya vyumba vyenye mwanga hafifu wa taa, na baadhi yao usingizi ulivurugika kwa miezi, mmoja akaingia kwenye mzunguko wa saa 25 peke yake, akiwa macho wenzake wakilala. Wahandisi wa NASA waliofanya kazi kwa saa za Mirihi wakati wa safari ya Phoenix walisaidiwa na taa za buluu mezani. Makazi ya Mirihi yatahitaji taa kali asubuhi na taa za manjano jioni, zikiwa sehemu ya huduma ya afya na wala si pambo.

Nimalizie na ngozi. Melanini, ile rangi inayotufanya tuwe weusi, huchuja urujuanimno, kwa hiyo ni kweli kwamba mtu mweusi anahitaji muda mrefu zaidi juani ili ngozi yake itengeneze vitamini D sawa na ya mtu mweupe. Katika nchi zenye majira marefu ya baridi jambo hilo huleta upungufu. Huku kwetu haliko hivyo kwa wanaoishi nje: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Wamasai na Wahadzabe ulikuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, kiwango ambacho watu wengi wa Ulaya hawakifikii. Mirihi hakuna ngozi itakayoonana na jua, nyeusi wala nyeupe, basi wote watakuwa sawa, na wote watameza vidonge, kama wanaanga wanavyopewa vizio 800 vya kimataifa (IU) vya vitamini D kila siku. Melanini haitampa mtu faida wala hasara dhidi ya chembe za kosmiki, kwani hizo hupita ngozi zote vilevile. Na watoto watazaliwa na rangi ya wazazi wao. Rangi ya jamii ilibadilika Duniani kwa uteuzi uliochukua maelfu ya miaka, jua likiwapendelea baadhi na kuwaadhibu wengine; ambako jua haligusi ngozi, msukumo huo haupo.

Hapo Dodoma, binti anayekwenda shule kwa miguu na kucheza nje hahitaji vidonge vya vitamini D kwa sababu tu amesoma habari za Mirihi, na dozi kubwa zinazouzwa kiholela zinaweza kupandisha kalsiamu mwilini na kuumiza figo. Akilalamika maumivu ya mifupa yasiyoisha au misuli kulegea, au ukiona mtoto mdogo wa nyumbani miguu inapinda, nendeni hospitali, daktari aamue kama kuna haja ya kupima damu. Na iwapo kuna mwenye ualbino katika familia au mtaa wenu, kwake yale niliyoyasema kuhusu urujuanimno ni ya leo: kofia pana, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua kama ile inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, na kuonana na daktari wa ngozi mara kwa mara, bila kusubiri kidonda kisichopona.